Shaba ya Jumatano

Hefin Tudor alikufa akiwa ameketi. Mgongo wake uliegemea mlango wa mbele wa nyumba ya mwisho ya mtaa wa Rhes Uchaf, miguu imenyooka juu ya njia, kichwa kimeinamia kifuani kama mzee aliyepitiwa na usingizi katikati ya mahubiri. Barafu nyembamba ya usiku ilikuwa imemtanda mabegani. Kofia hakuwa nayo, wala mkoba. Na katika vijiji vile vya machimbo, kila mtu alijua kwamba Hefin wa Leseni hatembei bila mkoba.

Sajenti Idwal Prytherch alichutama mbele yake, akamtazama bila kumgusa. Kisogoni kulikuwa na jeraha pana, na damu iliyoganda ilishuka hadi ndani ya ukosi wa koti. Kiganja cha kulia nacho kilikuwa cheusi kwa damu. Cha kushoto kilikuwa safi.

"Kimempiga kitu kizito chenye ukingo," alisema daktari wa wilaya huku akifunga begi lake. "Jiwe, nadhani. Ama jiwe lilimfuata yeye, ama yeye alilifuata jiwe. Hapo sitakudanganya."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Kilichommaliza ni damu na baridi. Alikaa hai kitambo kirefu, Sajenti. Saa nzima, pengine zaidi."

Inspekta Chaloner alikuwa amesimama njiani na glovu zake mkononi. Alitumwa kutoka makao makuu asubuhi ile ile. Lugha ya watu wa pale hakuijua, na hakupenda kukaa mahali ambapo watu walinyamaza kila akikaribia.

"Marehemu ni afisa wa leseni za televisheni," alisema. "Na mwenye mlango huu ni nani?"

"Miss Eluned Parry, bwana. Mwalimu mkuu mstaafu."

"Yule aliyeandika gazetini kwamba ana televisheni, anaitazama, na leseni halipi ng'o?"

"Mpaka tupewe idhaa kwa lugha yetu wenyewe. Ndivyo alivyoandika. Wako wengi wanaosema hivyo mwaka huu. Wanapelekwa kwa hakimu, wanatozwa faini, wanakataa kulipa faini, wanafungwa."

"Basi tuna mwanamke mwenye ugomvi na leseni, na mtu wa leseni amekufa mlangoni pake. Na mkoba umepotea. Mlete kituoni."

"Nipe mpaka alasiri, bwana. Sijaongea na majirani."

Chaloner alitazama zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zote za mawe meusi, zote na mapazia yaliyofungwa. "Mpaka alasiri," alisema.

*

Wa kwanza kufungua alikuwa Trefor Bebb, muuza nyama, ambaye kijiji kizima kilimwita Trefor Nyama. Alimpitisha Prytherch mlango wa nyuma, kama ilivyo desturi, akamweka jikoni.

"Jana jioni ulisikia nini, Trefor?"

"Sikusikia kitu. Tulilala mapema. Baridi ile nani angekesha?"

"Hukumwona Tudor?"

"Nimwonee wapi? Mimi sina shughuli naye. Sina televisheni."

Prytherch alikunywa chai yake. "Juu ya dohani yako kuna antena."

"Ya mpangaji aliyekuwepo kabla yangu."

"Babako ndiye aliyekuwa mpangaji kabla yako. Alikufa kabla televisheni haijafika bonde hili."

Trefor aliangalia meza. Alikuwa mtu mnene mwenye shingo nyekundu, na wekundu ule ukaanza kupanda mashavuni.

"Sikiliza, Trefor. Sikuja kwa ajili ya leseni. Hiyo si kazi ya polisi wa upelelezi. Kuna mtu amekufa."

"Mimi sheria naijua, Sajenti. Mtu wa leseni hana ruhusa ya kutia mguu nyumbani mwangu bila hati ya hakimu. Na akibisha, silazimiki kumfungulia. Wala kumjibu silazimiki. Hata umlete nani."

"Kweli kabisa. Kwani alikubishia?"

Mke wa Trefor, aliyekuwa akimenya viazi, alisimamisha kisu.

"Nasema kwa jumla tu," alisema Trefor. Kisha, kama mtu anayetafuta pa kutokea, akaongeza: "Kama unataka kuuliza, kamuulize Mwalimu. Wiki iliyopita alimfokea Tudor pale mlangoni mpaka mtaa mzima ukasikia. Akamwambia, 'Utafanya ninavyotaka, la sivyo nitakufanyisha.' Masikio yangu haya."

"Kwa sauti ya kugombana?"

"Kwa sauti ya darasani. Nayo ni mbaya zaidi."

*

Miss Parry alikuwa amevaa nguo nyeusi tangu asubuhi. Televisheni yake ilikuwa sebuleni, mahali pa wazi, haikufunikwa. Alimtazama Prytherch kwa miwani yake kama zamani alipokuwa akikagua daftari lake.

"Keti, Idwal. Umekonda. Mkeo hakulishi?"

"Ananilisha, Mwalimu. Samahani, lazima nikuulize."

"Uliza. Nimefundisha watoto wa kijiji hiki kuuliza maswali, nitakataaje kuulizwa?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Chumba cha nyuma cha kanisa. Tulikuwa na mkutano wa hii kampeni yetu. Mchungaji alikuwepo, na wengine saba. Nilirudi kwa njia ya nyuma, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikalala. Asubuhi nilichungulia dirishani kabla ya kuchukua maziwa, nikamwona ameegemea mlango wangu. Unajua mwenyewe jinsi tunavyoishi hapa. Mlango wa mbele ni wa mchungaji, jeneza na serikali. Sisi wengine tunapita nyuma."

"Wiki iliyopita uligombana naye."

"Niligombana naye, ndiyo."

"Ulimwambia utamfanyisha."

"Nilimwambia hivyo, nikamaanisha. Idwal, yule bwana alikuja hapa mara tatu. Kila mara nilimkaribisha. Nilimwonyesha televisheni, nikaiwasha, nikamwambia: andika. Andika kwamba Eluned Parry anatazama bila leseni. Alikunywa chai, akala mkate wa zabibu, akatoka, na hakuandika kitu. Mara ya tatu ndiyo nikamfokea. Akaniambia, 'Miss Parry, una miaka sabini na moja. Siwezi kuwa mimi ndiye niliyekupeleka gerezani.' Nikamwambia yeye si Mungu. Kazi yake ni kuandika, na yangu ni kufungwa."

Nje Prytherch alimwona Chaloner akipita na kurudi dirishani.

"Kwa hiyo ulimhitaji," alisema hatimaye.

"Nilimhitaji kuliko mtu yeyote hapa duniani. Bila yeye mimi ni kikongwe tu anayeandikia magazeti." Sauti yake, ambayo haikutetereka muda wote, ilishuka. "Alikubali mwishowe. Nilimwambia aje jana, Jumanne jioni, achukue maelezo yangu. Kisha mkutano ukaitishwa ghafla. Nikajisemea, kwa barafu hii hatakuja. Mimi ndiye niliyemwita, Idwal. Hakuwa na shughuli nyingine huku juu."

"Nani mwingine alijua kwamba anakuja kwako tu?"

"Hakuna. Ningemwambia nani? Majirani zangu hawapendi nilitaje jina lake. Kila nyumba ina televisheni, na leseni kwa mtaa mzima hakuna hata moja. Wao wanajificha, mimi natangaza. Wananiona nawaletea macho ya serikali."

*

Alipotoka, Prytherch alipita mlango wa mbele kwa makusudi. Maiti ilikuwa imeondolewa. Aliufunga mlango nyuma yake akasimama akiutazama. Kigongeo cha Miss Parry, kile cha kubishia hodi, kilikuwa cha shaba kama vya wengine, chenye umbo la mkono ulioshika tufe, lakini kilikuwa kimefifia na kuingia ukijani. Mwalimu hakuwa mtu wa kusugua vitu. Juu ya vile vidole vya shaba kulikuwa na doa la kahawia lililokauka.

Aliliangalia kwa karibu. Kisha akavuta pumzi puani, akageuka.

Mtaa mzima ulinuka dawa ya kung'arishia shaba.

Alianza kutembea polepole, mlango kwa mlango, kurudi upande wa chini. Nyumba ya sita, kigongeo kilimeremeta kama kimetoka dukani. Katika mikunjo ya vidole mlikuwa na unga mweupe wa dawa ambao haujakauka vizuri. Ya tano vile vile. Ya nne, kwa Trefor, vile vile, na hapo hata ubao wa mlango ulikuwa umeoshwa kuzunguka kigongeo, ukaacha mviringo msafi katikati ya rangi yenye vumbi la machimbo. Ya tatu. Ya pili. Ya kwanza.

Mama yake Prytherch alikuwa mwanamke wa mtaa kama huu. Jumatatu ni kufua. Jumanne ni kupiga pasi. Jumatano ni kushona na kutia viraka. Shaba ni Ijumaa, ili Jumapili iikute inang'aa. Katika maisha yake yote Prytherch hakupata kumwona mwanamke wa machimbo akisugua shaba Jumatano. Na hapa walikuwa wamesugua wote, asubuhi moja, isipokuwa yule mmoja ambaye ndiye anayeshukiwa.

Inspekta Chaloner alimkuta amesimama mbele ya nyumba ya kwanza.

"Umeishia wapi?"

"Bwana, mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa na damu kiganjani, wa kushoto ulikuwa safi. Tuseme umeumia kisogoni. Unajishika. Kisha kwa mkono ule ule unafanya nini?"

"Unampiga aliyekupiga."

"Au unabisha hodi."

Chaloner alitazama kigongeo, kisha akaitazama safu yote ya milango hadi mwisho. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mpumbavu. "Yote?" alisema.

"Sijathibitisha. Ila ikiwa alianza hapa chini na kuishia kule juu, basi hakuumia kule juu. Aliumia kabla hajafika kwenye nyumba ya kwanza."

Chini ya nyumba ya kwanza njia iligawanyika. Upande mmoja ilikuwa barabara ya magari, inayozunguka mbali. Upande wa pili zilikuwa ngazi za zamani za wachimbaji, zinazopanda moja kwa moja kutoka kwenye duka la kijiji chini ya kilima, ambako gari dogo la Tudor lilikuwa bado limeegeshwa. Ngazi zilikuwa za mawe yale yale meusi ya kuezekea, laini kama sahani, na maji ya kilima yalikuwa yamepita juu yake yakaganda.

Walishuka wakishikilia ukuta. Karibu na katikati, Prytherch alimwinulia mwenzake mkono wa kumzuia. Ngazi moja ilikuwa imevunjika ukingo, na kwenye ukingo ule kulikuwa na damu na nywele za kijivu. Barafu iliyokuwa juu yake ilikuwa imekatwa kwa mfuo mrefu wa kisigino. Kofia ilikuwa imenasa kwenye kichaka cha miiba. Mkoba ulikuwa umeporomoka hadi kwenye mfereji, umefungwa, kamba yake nzima.

"Aliteleza," alisema Chaloner.

"Aliteleza. Kushuka hakuweza tena, angalia barafu hii. Akapanda, maana juu kulikuwa na watu."

*

Nesta Rowlands wa nyumba ya kwanza alikuwa mjane wa mchimbaji, mwenye miaka hamsini na ushei. Alifungua mlango wa nyuma kabla Prytherch hajabisha. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa ile dawa ya shaba, na kucha zimezungukwa na weusi usiotoka kwa sabuni.

"Umechelewa," alisema. "Nimekusubiri tangu asubuhi."

"Ungekuja mwenyewe, mama."

"Ningekuja." Alirudi kukaa kando ya meko. Kwenye kona kulikuwa na kitu cha mraba kilichofunikwa kitambaa cha meza, na juu yake Biblia kubwa ya familia. "Miguu ilikataa."

"Nianze mimi?"

"Anza. Nikianza mimi sitamaliza."

"Jana jioni mtu aliona gari la Tudor dukani. Akapeleka habari."

Nesta alichukua kile chuma cha kuchokolea moto akagonga nyuma ya meko, mara mbili, taratibu. Sauti ilipita ukutani ikaenda mbali. "Hivi," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza kuona, kwa hiyo huwa naanza mimi. Nagonga, wa pili anagonga, wa tatu anagonga. Babu zetu waligonga hivi kukiwa na ajali machimboni. Sisi tunagonga tuzime televisheni."

"Mkazima."

"Televisheni, taa, kila kitu. Tukakaa gizani. Dada yangu alikuwa hapa. Kisha tukasikia mlango wa mbele." Aliitazama mikono yake. "Mlango wa mbele, Sajenti. Nani hubisha mlango wa mbele? Kama angekuja nyuma ningefungua kabla hajamaliza kubisha. Hata angekuwa mwizi ningefungua."

"Alisema neno?"

"Alisema. Sikusikia vizuri, sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi. Nilisikia 'tafadhali'. Akarudia, 'tafadhali, fungua'. Dada yangu akaninong'oneza, 'Leo kaja na adabu.' Tukacheka. Tulijiziba midomo kwa mikono tusisikike, tukacheka."

Prytherch alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika.

"Tukamsikia akienda kwa jirani. Tena kwa jirani. Halafu tukawasha taa. Asubuhi nilifungua mbele kuangalia hali ya hewa, nikaona mlango. Vidole vyake vimechorwa pale kama vya mtoto aliyeshika jamu. Nikatazama mtaa, nikaona kila mlango vile vile. Na mwisho wa mtaa nikamwona yeye."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua dawa ya shaba. Wakaniona, nao wakachukua zao. Hatukuongea. Naapa kwa kitabu kile, hakuna aliyefungua mdomo. Kila mtu alisugua lake akaingia ndani."

"Na mlango wa Mwalimu?"

"Pale hatukuweza kufika. Alikuwa amekaa pale."

Prytherch alifunga daftari. "Inspekta anataka kumkamata Mwalimu kwa mauaji, bado hajaandika vinginevyo. Trefor Nyama ameniambia habari ya ule ugomvi. Aliniambia huku nyumba yake inanuka dawa ya shaba."

"Trefor ni mwoga. Sisi sote waoga." Nesta aliinua uso. "Mwalimu hangeweza. Angekuwa nyumbani angemfungulia. Ni yeye peke yake. Ndiyo maana akaenda mpaka kule, maskini. Alijua."

"Kuna jambo moja mama hulijui, na litasemwa mahakamani, kwa hiyo afadhali ulisikie kwangu. Jana Tudor hakuja kwa ajili ya mtaa. Alikuwa anakwenda kwa Mwalimu tu, kwa miadi. Wengine hakuwa na habari nanyi."

Nesta aliinuka, akaondoa ile Biblia akaiweka mezani, akavua kile kitambaa, akakikunja mara nne. Televisheni ilibaki wazi, kioo chake kijivu kikiwaonyesha wote wawili.

"Andika na hii," alisema.

"Hiyo si kazi yangu, mama."

"Andika hata hivyo."

*

Trefor alikataa kwa dakika chache, akasema sheria, akasema hati ya hakimu, akasema haki ya mwenye nyumba. Nesta aliyekuja na Prytherch alimwacha amalize.

"Umemaliza?" alimuuliza. "Haya sasa mwambie alikubishia mara ngapi."

Ni mkewe aliyejibu, akiwa bado na kisu cha viazi. "Mara nyingi. Kwetu alibisha mara nyingi kuliko kwa wengine, maana kulikuwa na mwanga uliopenya chini ya pazia. Alijua tumo. Mume wangu aliziba pale kwa zulia."

Trefor alifunika uso kwa mikono yake minene, na baada ya hapo sheria haikutajwa tena.

Hadi alasiri maelezo ya nyumba zote sita yalikuwa yamechukuliwa. Inspekta Chaloner aliyasoma garini, dirisha limefungwa, injini inaunguruma kwa ajili ya joto. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena.

"Kufuta damu ni kosa," alisema. "Wamevuruga ushahidi wa kifo."

"Ndiyo, bwana. Watashtakiwa kwa kusugua shaba."

"Na kwa kutofungua?"

"Kwa kutofungua hakuna kifungu. Mlango wa mtu ni wake. Hata mimi nikibisha bila hati, anaweza kukaa anywe chai mpaka nichoke."

"Lakini mtu anakufa nje, Prytherch."

"Hawakujua anakufa. Na sheria hapa haimlazimishi mtu hata kuuliza nani yuko nje."

Chaloner aliweka yale maelezo ndani ya bahasha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na haraka. "Mwambie yule mwalimu hashukiwi tena," alisema. "Mwambie kwa lugha yake. Na mke wa marehemu?"

"Alipelekewa habari ya kifo asubuhi. Hakuwa na wasiwasi jana, maana barabara ikiganda mumewe hulala kwa dada yake bondeni. Namna alivyokufa hajaambiwa. Naenda sasa."

*

Alipofika kwenye gari lake alimkuta Nesta Rowlands amesimama kando, amevaa koti la kanisani na kofia.

"Nichukue," alisema.

"Mama, hulazimiki. Siku ya uchunguzi wa kifo utaitwa, utasema."

"Najua silazimiki. Tangu jana nimeishi na mambo nisiyolazimika."

Nyumba ya akina Tudor ilikuwa mjini, karibu na stesheni, na mlango wake ulikuwa wa kijani. Gwenda Tudor alifungua mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, macho yamevimba, lakini amesimama wima. Alimtambua Prytherch kwa kumtazama tu, akasogea kando awapishe.

"Ingieni, kuna baridi."

"Usinikaribishe kwanza," alisema Nesta. "Mimi natoka Rhes Uchaf. Nyumba ya kwanza. Sikiliza kwanza, halafu uamue."

Alisema yote pale kizingitini. Alisema kuhusu ngazi, na kugongeana ukutani, na taa. Alisema mumewe Gwenda alibisha na wao wakamsikia. Lile neno alilolitamka alilisema, na kicheko hakukiacha. Prytherch alisimama nyuma yake bila kumsaidia kwa neno, kwa sababu hakuombwa. Baridi iliingia ndani ya nyumba muda wote ule, na Gwenda hakuurudishia mlango.

"Aliwahi kunieleza juu ya mtaa wenu," Gwenda alisema mwishowe. "Alisema, 'Nikifika pale nakohoa kwanza huku chini, halafu nabisha taratibu, wapate nafasi ya kuzima.' Hakupenda kuwafuma watu wakiwa na watoto wao. Wakubwa zake walimgombeza kwa hilo." Alimtazama Nesta usoni. "Jana alikohoa?"

"Hakukohoa."

"Na alibisha taratibu?"

"Hapana. Alibisha kwa nguvu."

"Hamkuona tofauti?"

Nesta angeweza kusema hawakuiona. Prytherch aliliona jibu hilo likipita usoni mwake, na akaliona likiachwa.

"Tuliiona," alisema Nesta. "Tukasema leo amekasirika."

Stesheni treni ya jioni ilipiga honi, ikapita, kelele zake zikaisha. Gwenda Tudor alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Mahakamani utayasema haya?"

"Nitayasema."

"Na hilo la mwisho?"

"Na hilo."

"Basi nitakuja kuyasikia. Ya kwako na ya wenzako, mmoja mmoja." Alivuta pumzi. "Leo siwezi kukuingiza nyumbani kwangu. Nilidhani nitaweza."

Akafunga mlango bila kuubamiza. Wakasikia kitasa kikizunguka, kisha hatua zake zikienda ndani, zikisimama, zikienda tena.

Nesta alibaki amesimama pale hadi Prytherch alipomgusa kiwiko.

"Ana haki?" aliuliza.

"Anayo, mama. Nyumba ni yake."

Nesta aliitikia kwa kichwa. Alitembea hadi kwenye gari, akafungua mwenyewe, akakaa na mikono yake yenye kucha nyeusi mapajani. Walipofika chini ya kilima alimwomba amteremshe dukani. Prytherch alimwambia barabara ya gari inafika hadi juu, na kwamba zile ngazi bado zimeganda.

"Najua," alisema Nesta. Akashuka, akashika ukuta, akaanza kupanda.